Kiti moto: abiria kashuka, sensa niliyochapa kwa printa ya 3D inasema bado amekaa

#1 Mwenye Coaster
Wakuu, habari za jioni. Nina Coaster moja tu, inapiga Gongolamboto, na hesabu ya jioni mnaijua wenyewe: konda anakuletea anachopenda kukuletea. Nikasema basi, nitaweka sensa kwenye viti. Kila kiti kikikaliwa kihesabu, usiku nilinganishe na pesa.

Kuna kijana hapa mtaani ana printa ya 3D. Tukachapa vipande vya TPU, plastiki laini, ile nyeusi iliyotiwa kaboni, inayopinda kama raba na inapitisha umeme. Kila kipande urefu mm 80, upana mm 10, unene mm 1. Kimelala juu ya sponji, chini ya kitambaa cha kiti. Nyaya mbili, rezista (kizuia umeme) ya kilo-omu 10, na Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta inayosoma namba. Ukikaa, namba inaruka vizuri kabisa, nilifurahi mpaka nikamwita mke wangu aje akae.

Shida ni ukinyanyuka. Hairudi. Abiria kashuka Tazara, kiti kinasema bado yupo mpaka tunafika Buguruni. Na asubuhi, gari tupu, namba siyo ya jana. Kosa ni la printa, filamenti (ule uzi wa plastiki wa kuchapia) au kodi yangu, yaani programu niliyoandika?

#2 Chungulia
Nimeingia mbio nikidhani ni uzi wa kitimoto na ndizi za kukaanga. Haya, nimeshakaa siti ya mbele nasubiri wataalamu. Sensa ikinihesabu sitoi nauli.

#3 Konda Msomi
Yaani tajiri anaona heri achape plastiki kuliko kunilipa vizuri. Endeleeni, nasoma.

#4 Fundi Redio
Mwenye Coaster, kabla hujaenda mbali: nyaya umezishikishaje kwenye hiyo plastiki? Na mita inasoma omu ngapi kiti kikiwa kitupu?

#5 Mwenye Coaster
#4 Nimepasha waya kwa solda ukazama ndani ya plastiki, ikapoa ikashika. Mita inasoma kama kilo-omu 38.

#6 Fundi Redio
Basi tatizo nimeshaliona. Plastiki haishikani na shaba kama risasi inavyoshikana. Ikipoa inasinyaa, unabaki mwanya usioonekana, na kila mtu akikaa ule mwanya unacheza. Unapima kiungo chako, hupimi plastiki.

Na angalia hesabu. Chukua PLA ya kaboni, plastiki ngumu ya kuchapia, ya kampuni ya Proto-pasta. Wenyewe wanaiandikia omu-sentimita 15 kabla ya kuchapwa, 30 ikishachapwa ukipima kufuata tabaka, na 115 ukipima kupita tabaka hadi tabaka. Kwa vipimo vyako, urefu sm 8 na eneo la sm mraba 0.1, hiyo ingetoa omu 2,400 tu. Wewe una 38,000. TPU ni tofauti na PLA, sawa, inapitisha umeme kwa shida zaidi, lakini mimi nasema sehemu kubwa ya hizo 38 imekaa kwenye vile vitobo viwili vya waya.

Pima kwa nyaya nne: mbili za nje zipitishe mkondo, mbili za ndani zipime volti. Hapo kiungo hakina pa kujificha. Baadaye toboa, paka rangi ya fedha inayopitisha umeme, funga skrubu pamoja na washa, kile kipete cha chuma.

#7 Polima Ughaibuni
Nakubaliana na mzee Fundi Redio nusu. Kiungo kibovu kinaruka-ruka, leo 38, ukikigusa 60, ukikigusa tena 41. Hakitambai taratibu kurudi chini kwa nusu saa. Kinachotambaa ni TPU yenyewe.

Niko Ujerumani, nasomea mambo ya polima, yaani plastiki na jamaa zake, ngoja nieleze kwa lugha ya daladala. TPU yenyewe haipitishi umeme. Ndani yake imemwagwa kaboni nyeusi, yaani masizi laini sana. Fikiria gari limejaa, mtu wa nyuma anapitisha nauli mkono kwa mkono mpaka kwa konda mlangoni. Watu wakiwa wachache mikono haifikiani, nauli haifiki. Wakizidi idadi fulani, ghafla inafika, na tangu hapo kila ukiongeza watu inafika haraka zaidi. Chembe za masizi ziko hivyo hivyo: chini ya kiwango fulani plastiki ni kihami, juu yake inapitisha. Tena si lazima zigusane, elektroni inaweza kuruka pengo la nanomita chache.

Sasa abiria akikaa, kipande kinazama kwenye sponji, kinapinda na kuvutika kidogo. Mikono inaachana, ukinzani (kule kuzuia umeme) unapanda. Akinyanyuka, minyororo ya molekuli za TPU haichomoki mara moja, inajivuta kurudi polepole. Ukipima raba yoyote utaona hivyo, njia ya kwenda na njia ya kurudi hazilingani. Printa yako haina kosa.

#8 Konda Msomi
#7 Nauli haipitishwi mkono kwa mkono kwenye gari langu. Mimi ndiye nafuata abiria. Mfano wako umefeli.

#9 Polima Ughaibuni
#8 Basi wewe ndiye elektroni.

#10 Chungulia
Elektroni inayopunguza hesabu njiani 😂

#11 Mpenda Historia
Niongeze kwa faida ya wasomaji: hii plastiki inayopitisha umeme ndiyo iliyopewa Nobel ya kemia mwaka 2000. Wamarekani waliigundua 1977.

#12 Polima Ughaibuni
#11 Mkuu, hapo umechanganya vitu viwili. Iliyopewa Nobel ni polima inayopitisha umeme yenyewe, kwa muundo wa molekuli zake, baada ya kutiwa dawa kama iodini. Ya Mwenye Coaster ni plastiki ya kawaida iliyojazwa masizi.

Na si Wamarekani peke yao. Hideki Shirakawa alikuwa Tokyo akitengeneza poliasetilini. Mtu aliyekuwa akifanya kazi maabara kwake akakosea kipimo cha kichocheo, akaweka mara elfu moja zaidi ya iliyotakiwa, ikatoka ngozi inayong'aa kama fedha. Alan MacDiarmid alipoisikia habari hiyo akamwalika Pennsylvania, wakaungana na Alan Heeger, na 1977 wakatangaza kwamba wakiitia iodini upitishaji unapanda mara mamilioni. MacDiarmid mwenyewe mzaliwa wa New Zealand.

#13 Mpenda Historia
Nimesahihishwa. Asante.

#14 Wa Luthuli
Wadau wa Dar, sisi huku Nairobi makanga angeshaitoa hiyo waya siku ya kwanza na kuiuza. Lakini swali: kwa nini usichape polima halisi badala ya hii ya masizi? Chuo cha MIT, Marekani, walichapa moja inayoitwa PEDOT:PSS mwaka 2020, nilisoma ilikuwa omu 155.

#15 Fundi Redio
#14 Omu 155 za nini? Omu bila urefu na unene ni kama kusema nauli ni mia tano bila kusema kutoka wapi hadi wapi.

#16 Polima Ughaibuni
Siyo omu, ni simensi 155 kwa sentimita, na zaidi kidogo, ikiwa imekauka. Hiki ni kipimo cha kupitisha, si cha kuzuia. Ile PLA ya omu-sentimita 30 aliyoitaja Fundi Redio ukiigeuza ni kama 0.03. Kwa hiyo PEDOT:PSS ya MIT inaipita mara elfu nne na ushee. Msishangilie sana, shaba ni kama 600,000.

Na haichapwi kwa printa ya mtaani. PEDOT:PSS inauzwa ikiwa kama maji ya rangi ya bluu. Kundi la Xuanhe Zhao pale MIT waliigandisha kwa baridi kali, wakaikausha ikiwa imeganda hivyo hivyo mpaka vikabaki vinyuzi, kisha wakavikoroga tena kwa maji na kiyeyushi cha DMSO kidogo mpaka ikawa nzito kama dawa ya meno. Hiyo ndiyo inakamuliwa kwenye nozeli nyembamba, mistari ya mikroni 30 na kitu. Walikuwa na nia ya vitu vya kuwekwa kwenye ubongo wa panya kusoma ishara za neva. Kiti cha Coaster hakihitaji hivyo.

#17 Wa Luthuli
#16 Sawa daktari. Nilisoma haraka.

#18 Sheikh Kihisi
Assalaam alaykum. Nisaidieni jambo moja: kwani "sensa" si ile ya kuhesabu watu na makazi? Kifaa kinachohisi ni kihisi, wingi vihisi. Na hiyo ni kichapishi.

#19 Chungulia
#18 Sheikh, mwenye uzi anahesabu watu. Ni sensa kabisa.

#20 Mwenye Coaster
Wa alaykum salaam sheikh wangu. Fundi wa mtaani ukimwambia kichapishi anakuletea mashine ya fotokopi.

#21 Nyuzi za Tanga
Mimi nachapa kwa kazi, niko Tanga, na TPU ya kaboni imenilaza njaa zaidi ya mara moja. Naona mnairukia fizikia kabla ya kuuliza alichapaje. Mwenye Coaster, mwulize kijana wako mambo haya.

Kwanza, aliikausha? TPU inakunywa unyevu wa hewa, na huku pwani hewa yenyewe ni supu. Ikichapwa na maji ndani utasikia inapasuka-pasuka kwenye nozeli, ta-ta-ta, na ndani ya kipande vinabaki vitundu. Vitundu vinakata njia za umeme na ukivikalia vinabonyea. Mimi naiweka nyuzi 50 hadi 60 kwa saa kadhaa kabla ya kazi, halafu inakaa kwenye ndoo ya mfuniko yenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Pili, mistari ilielekea wapi? Kama kichwa cha printa kilikwenda kwa kuvuka upana, umeme unalazimika kuruka kutoka mstari hadi mstari, na kila mshono ni kizuizi. Mistari ifuate urefu, kutoka waya hadi waya. Fundi Redio kataja 30 na 115, tofauti hiyo yote imetoka kwenye mishono.

Tatu, printa yake inasukuma filamenti kupitia mrija mrefu au mota iko juu ya nozeli? Kwa raba laini mrija mrefu unaifanya ijikunje, inatoka kidogo hapa nyingi pale. Kipande kimoja unene mbili. Viti kumi, namba kumi.

#22 Mwenye Coaster
#21 Dada, nimempigia. Hakukausha. Mistari ilikuwa ya mshazari, digrii 45 huku na 45 kule. Mrija mrefu.

#23 Nyuzi za Tanga
Nimemaliza.

#24 Chungulia
Si angeizika kwenye mchele kama simu iliyoingia maji?

#25 Nyuzi za Tanga
#24 Mchele pikeni. Haunyonyi cha maana, na unaacha vumbi linaloziba nozeli.

#26 Mzee wa Kodi
Sijaona mtu amegusa Arduino. Mwenye Coaster, unasoma viti vingapi kwa bodi moja? Ndani ya ile chipu kuna kapasita (kitunza chaji) moja ndogo inayopokezana pini zote. Ukisoma kiti cha kwanza halafu papo hapo cha pili, na ukinzani ni mkubwa, kapasita haijamaliza kujaa, kiti cha pili kinarithi volti ya jirani. Abiria wa mzimu! Watengenezaji wanasema chanzo kisizidi kilo-omu 10. Wewe una 38. Soma kila pini mara mbili, ya kwanza tupa.

#27 Fundi Redio
#26 Hapana. Ana 38 na 10 kwenye kigawanya volti, kwa pini zinaonekana ziko sambamba. Fanya hesabu: ni kama kilo-omu 7.9. Iko chini ya 10.

#28 Mzee wa Kodi
#27 Ni kweli, hapo umenipata. Ila mtu akikaa ikipanda inasogelea 10, na nyaya za kiti cha nyuma zina mita kadhaa zikipita karibu na altaneta. Kusoma mara mbili hakumdhuru mtu.

#29 Polima Ughaibuni
Na mzimu wa kapasita unaishi sehemu ya milisekunde. Huu wa kwake unatoka Tazara mpaka Buguruni.

#30 Chungulia
Kwa foleni ya pale hiyo ni umri wa mtu mzima.

#31 Polima Ughaibuni
Mwenye Coaster, fanya jaribio tuache kubishana. Ndoo ya lita 20 imejaa maji, kilo 20 kamili. Iweke kwenye kiti dakika 10 huku unaandika ukinzani, iondoe, endelea kuandika nusu saa. Halafu toa kipande kwenye kiti, kikunje kwenye bomba mezani bila sponji, muda ule ule. Mwisho kiache juani hakuna mtu.

Kabla ya yote mkalishe watu mara hamsini hivi. Raba yenye masizi mivuto ya mwanzo huwa inailegeza, haijatulia. Jambo hilo lina jina, Mullins, na hata kwenye matairi lipo.

#32 Konda Msomi
Mara hamsini? Mpe ruti mbili za asubuhi tu, siti zitakuwa zimelegezwa bure.

#33 Wa Luthuli
Wakati tunangoja majibu: kuna Mkenya, Roy Allela, alitengeneza glavu ya Sign-IO inayosoma lugha ya alama ya mkono na kuitoa kwa sauti. Kila kidole kina sensa ya kupinda. Kidole kinarudi kila mara, na hawakulia kama huyu.

#34 Nyuzi za Tanga
#33 Kidole kinapinda na kunyooka kwa sekunde. Abiria anakaa nusu saa na kapu la dagaa mapajani. Kitu kikikaliwa muda mrefu kinachelewa zaidi kurudi.

Na glavu za kuchapwa zipo tangu zamani. 2012 watu wa chuo cha Warwick, Uingereza, walichanganya masizi na plastiki ya PCL wakaiita Carbomorph, wakachapa glavu inayohisi vidole vikipinda, na kikombe kinachojua kina maji kiasi gani. Kwa printa ya bei rahisi.

#35 Mpenda Historia
#34 Basi Mwenye Coaster achape hiyo ya Carbomorph, imeshathibitishwa.

#36 Sheikh Kihisi
#35 PCL inayeyuka kwenye nyuzi 60 au karibu yake. Mimi niko Muscat, gari likilala juani mwezi wa Julai usukani haushikiki. Hata huko Dar, kiti cheusi cha dirishani mchana... kihisi kitakuwa uji.

#37 Mpenda Historia
Leo si siku yangu.

#38 Mwenye Coaster
Majibu haya hapa, nimekesha nayo. Kiti kitupu 38. Niliweka ndoo, ikaruka 61, ikawa inashuka yenyewe ndoo ikiwa pale pale, dakika ya 10 ikawa 52. Nikaondoa ndoo. Hapo ndipo niliposhangaa: ilipanda kwanza kidogo, 54, ndipo ikashuka mpaka 45. Baada ya nusu saa 41.

Mezani kwenye bomba, bila sponji: inarudi haraka zaidi, lakini baada ya nusu saa bado ni 40. Juani saa saba mchana, hakuna mtu wala ndoo: 47.

Halafu nikafunga skrubu na washa na rangi ya fedha kama alivyosema Fundi Redio. Kiti kitupu sasa kinasoma 22.

#39 Fundi Redio
Kilo-omu 16 zilikuwa kwenye vitobo vya waya. Nilisema.

#40 Polima Ughaibuni
Ulisema, na umepatia kwa hilo. Lakini tambaa, yaani kule kurudi taratibu, ipo pale pale hata bila sponji. Na 47 ya juani ni joto: plastiki inatanuka, chembe zinaachana. Kwa hiyo kiti kikipashwa na makalio ya abiria nusu saa, joto nalo linabaki akishaondoka.

#41 Nyuzi za Tanga
Au sponji. Toka dakika ya kwanza hatukuuliza sponji ya kiti ina umri gani. Sponji ya Coaster iliyochoka ukinyanyuka inabaki na shimo lako. Mezani tambaa ilipungua, maana yake sehemu ni ya sponji.

#42 Fundi Redio
Kule kupanda hadi 54 baada ya kuondoa ndoo ndiko kunanisumbua. Kama mikono inarudi kukutana, kwa nini ukinzani upande?

#43 Polima Ughaibuni
#42 Hicho wanakiona maabara nyingi na TPU ya kaboni. Wapo wanaosema ukiachia haraka, njia zilizojijenga upya wakati wa mvuto zinavunjika kabla za zamani hazijarudi. Wengine wanasema kipande kimerefuka, kinarudi kimejikunja, kwa hiyo upande mmoja unabanwa na mwingine unavutwa. Mimi naegemea ya kwanza.

#44 Nyuzi za Tanga
Mimi ya pili. Kipande cha mm 1 kwenye sponji, kisijikunje?

#45 Wa Luthuli
Njia nyingine: Harvard 2014, kina Jennifer Lewis, hawakuchapa raba yenye masizi. Walizamisha nozeli ndani ya silikoni ambayo haijaganda wakachora mstari wa grisi ya kaboni ndani kwa ndani, kisha silikoni ikaganda. Nafikiri grisi haina cha kukumbuka.

#46 Nyuzi za Tanga
#45 Silikoni inayoizunguka nayo ni raba. Na abiria akitoboa kiti kwa ufunguo grisi inamwagikia suruali ya mtu.

#47 Sheikh Kihisi
Kwani swichi ya kawaida chini ya kiti, ya shilingi elfu mbili, ina kasoro gani?

#48 Mwenye Coaster
#47 Sheikh, niliweka. Zilivunjika zote ndani ya wiki, na mtu mwembamba hazimhisi. Hii inapinda, inakaa kimya chini ya kitambaa, konda haijui iko kiti gani.

#49 Konda Msomi
Sasa najua. Mm 80 kwa 10, juu ya sponji.

#50 Mzee wa Kodi
Mwenye Coaster, acha kuitazama namba yenyewe. Tazama mruko. Mtu akikaa inaruka kutoka 38 mpaka 61 kwa sekunde, tambaa, joto na unyevu haviwezi kuruka hivyo. Hesabu miruko ya kupanda tu, kila ukiuona ongeza mmoja. Kiti kikisahau kurudi shauri yake.

#51 Mwenye Coaster
Hii naijaribu kesho asubuhi. Kijana nimemwambia akaushe filamenti na mistari ifuate urefu, nitachapa vipya vitatu nilinganishe na vya zamani.

#52 Konda Msomi
#50 Na abiria anayenyanyuka kumpisha mwenzake wa dirishani akakaa tena? Na mama anayebadilisha mtoto goti? Barabara ya vumbi, gari likiruka tuta, viti vyote vinaruka pamoja. Jioni tajiri atanidai nauli ya matuta.

#53 Mzee wa Kodi
#52 Tuta linarusha viti vyote kwa wakati mmoja, hilo kodi inalitambua. La mtoto na goti... ngoja nilifikirie.